Mwongozo kamili: namna ya kuelimisha watu kuhusu tezi ya thairoidi bila kuwatisha wala kuwapotosha

Mtu anachoka miezi na miezi, nywele zinabaki kwenye chanuo, nguo zinambana na hajabadilisha chochote kwenye kula yake, akisema anaambiwa ni stresi, ni umri, ni uzazi, ni uvivu tu. Anazunguka na vidonge vya usingizi na vitamini mpaka siku daktari mmoja anaamua kumwandikia kipimo cha TSH, na hapo ndo inajulikana kumbe tezi yake ya shingoni ilishalegea zamani. Hii inatokea kila sehemu duniani na inauma, kwa sababu kipimo chenyewe ni damu kidogo ya mkononi, na dawa yake ni kidonge cha mara moja kwa siku.

Kwa hiyo kama wewe ni mhudumu wa afya, mwalimu, kiongozi wa kikundi cha kina mama, admin wa grupu la WhatsApp au ni mgonjwa mwenyewe na unataka wengine wasipite ulikopita wewe, mwongozo huu ni wako. Kabla hujaanza weka lengo. Mimi lengo naliona ni moja lenye pande mbili: mwenye dalili afike kwenye kipimo, na aliyeanza dawa asiiache. Kila utakachotengeneza, iwe bango, klipu au maongezi ya nusu saa, kipime kwa hilo. Kama hakimsogezi mtu kwenye kipimo wala hakimsaidii kubaki kwenye dawa, kitoe tu.

Hatua ya 1: Elewa kwanza wewe

Huwezi kufundisha kitu ambacho ukiulizwa swali la pili unakwama, kwa hiyo jipe muda hapa.

Thairoidi ni tezi ndogo iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ina pande mbili kulia na kushoto na kipande chembamba katikati kinachoziunganisha. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu kama 20 hivi. Kazi yake ni kuchukua madini joto (iodini) kwenye damu na kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, na hizo namba ni idadi ya atomu za iodini kwenye kila homoni, ndo maana bila iodini hakuna homoni, hakuna njia ya mkato hapo. Homoni hizi zinafika karibu kila sehemu ya mwili: zinaamua moyo upige kwa kasi gani, joto la mwili, choo kitembee vipi, hedhi, usingizi, hali ya moyoni, na kwa mtoto zinajenga ubongo na urefu.

Sasa TSH. Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, hata wenye majibu yao mkononi. TSH haitoki kwenye thairoidi, inatoka kwenye tezi nyingine ndogo chini ya ubongo inaitwa pituitari, na kazi yake ni kuisukuma thairoidi. Chukulia bosi na mfanyakazi: mfanyakazi akilegea bosi anapaza sauti, mfanyakazi akizidisha bosi ananyamaza. TSH ndo sauti ya bosi. Kwa hiyo TSH ikiwa juu maana yake mara nyingi thairoidi iko chini, na TSH ikiwa chini sana maana yake thairoidi imezidisha. Rudia hili mpaka uweze kulisema usingizini maana utaulizwa kila mahali.

Matatizo yenyewe yako ya aina tatu kubwa. Tezi kufanya kazi kidogo, tezi kuzidisha kazi, na tezi kuvimba au kuota vinundu, ambapo uvimbe ndo tunaita goita au rovu. Haya yanaweza kuja pamoja au kila moja peke yake, mtu anaweza kuwa na goita kubwa na homoni zake ziko sawa, na mwingine shingo nyembamba kabisa homoni zimevurugika. Duniani kwa ujumla upungufu wa madini joto bado ni sababu kubwa, lakini pale ambapo chumvi yenye madini joto inafika kwa watu wote, sababu inayoongoza ya tezi kulegea ni ugonjwa wa Hashimoto, yaani kinga ya mwili inaishambulia tezi yenyewe taratibu. Jina ni la daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Upande wa kuzidisha sababu inayoongoza ni ugonjwa wa Graves, nao ni kinga ya mwili, ila hapa inaichochea tezi badala ya kuiua.

Hatua ya 2: Chagua unaongea na nani

Ukisema unaelimisha "jamii" hujachagua mtu yeyote. Wanawake wanapata matatizo haya mara 5 hadi 8 zaidi ya wanaume, kwa hiyo kama muda wako ni mdogo anzia kwao, na ndani yao anzia kwa wajawazito, waliojifungua ndani ya mwaka mmoja, na wanaohangaika kupata mimba au mimba zinaharibika. Alafu wapo wenye ndugu wa damu mwenye thairoidi, wenye kisukari cha aina ya kwanza au ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili, watu wa miaka 60 kwenda juu, waliowahi kupigwa mionzi shingoni au kufanyiwa operesheni ya tezi, watu wenye ugonjwa wa Down, na wanaotumia dawa kama amiodaroni ya moyo au lithiamu ya magonjwa ya akili. Hawa wa dawa wanasahaulika sana, wanapewa dawa wanaenda nayo nyumbani na hakuna anayewaambia kwamba tezi inatakiwa icheckiwe mara kwa mara.

Kwa wajawazito nakuomba usipite haraka. Mtoto tumboni kwa wiki 12 za mwanzo hivi hana tezi inayojitegemea, homoni ya kujenga ubongo wake inatoka kwa mama. Mama akiwa na upungufu mkubwa usiotibiwa hatari ni mimba kuharibika, presha ya mimba, kujifungua kabla ya wakati, na mtoto kuathirika akili. Kwa hiyo ujumbe kwa mwanamke ambaye tayari anatumia dawa ya tezi ni huu: siku unayojua una mimba wasiliana na daktari siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki ya kwanza. Dozi kwa kawaida inatakiwa ipande kama asilimia 25 hadi 30, na madaktari wengi wanawaambia wagonjwa wao mapema kwamba wakipata mimba wameze vidonge 9 kwa wiki badala ya 7 wakati wanasubiri kupimwa, ila hilo aambiwe na daktari wake, wewe kazi yako ni kumfanya aulize. Na usiache kabisa kusema hii: dawa ya kuongeza homoni haimdhuru mtoto, kuiacha ndo kunamdhuru. Anayetumia dawa ya kupunguza homoni yeye aongee na daktari kabla hata ya kutafuta mimba, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinabadilishwa miezi ya mwanzo.

Baada ya kujifungua kuna kitu kinaitwa uvimbe wa tezi baada ya uzazi, unaweza kutokea ndani ya mwaka mmoja. Unaweza kuanza na kipindi cha tezi kuzidisha, mama moyo unaenda mbio, ana wasiwasi, halali hata mtoto akilala, alafu unageuka kuwa kipindi cha kulegea, mama amechoka, analia, hana hamu ya chochote. Wengi wanarudi sawa, wengine wanabaki na tezi iliyolegea moja kwa moja. Tatizo ni kwamba kila dalili hapo inafanana na maisha ya kawaida ya mama mwenye kichanga, na inafanana na sonona ya baada ya uzazi pia, kwa hiyo hakuna anayewaza tezi. Ukiongea na kina mama taja hili kwa jina na uone nyuso zinavyobadilika.

Na watoto wachanga. Kati ya watoto 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa, mmoja anazaliwa na tezi isiyofanya kazi, na siku ya kuzaliwa anaonekana mzima kabisa. Anayepimwa kwa tone la damu la kisiginoni na kuanza dawa ndani ya wiki 2 za kwanza anakua na akili zake kawaida, anayechelewa anapoteza kitu ambacho hakirudi. Kwa hiyo wafundishe wazazi kuuliza hospitalini: mtoto wangu amepimwa tezi? Pale ambapo kipimo hicho hakifanyiki kwa kila mtoto waambie wawahi na mtoto mwenye umanjano usioisha, anayelala mno na kunyonya kwa kivivu, anayekosa choo, mwenye ulimi mkubwa au sauti ya kilio iliyokwaruza.

Hatua ya 3: Sema dalili kwa lugha ambayo mtu anaisema nyumbani

Usisome orodha ya dalili kama unasoma majina ya mahudhurio. Uliza maswali. Tezi ikiwa imelegea maswali ni kama haya: wenzako wamevaa shati wewe unatafuta sweta? Unaamka umechoka kuliko ulivyolala? Choo kimekuwa kigumu siku hizi? Ngozi imekauka hata ukipaka mafuta? Hedhi imekuwa nzito kuliko zamani? Sauti imekuwa nzito, uso unavimba asubuhi, unasahau ulichokuwa unafuata chumbani? Uzito umepanda na hujaongeza kula? Daktari amekwambia kolesteroli iko juu na hujui imetoka wapi?

Tezi ikiwa imezidisha unageuza: unakula vizuri na bado unapungua? Mikono inatetemeka ukishika kikombe? Moyo unakimbia umekaa tu kwenye kiti? Unatoka jasho wakati wengine wako sawa, choo mara nyingi, hasira za karibu, usingizi hauji? Watu wamekwambia macho yako yametoka nje au unaonekana kama umeshtuka?

Mtetemo wa mikono unaweza kuuonyesha pale pale: mwambie mtu anyooshe mikono mbele, vidole vikiwa vimeachana, alafu muweke karatasi juu ya vidole. Karatasi inatikisika hata pale ambapo jicho halioni mtetemo. Haithibitishi ugonjwa, mtu anaweza kuwa amekunywa kahawa nyingi au ana wasiwasi wa kusimama mbele ya watu, ila inamfanya aelewe unamaanisha nini.

Baada ya maswali sema ukweli wote, kwamba kila dalili hapo ina sababu nyingine ishirini. Kinachotakiwa kumshtua mtu ni dalili kadhaa kwa pamoja, zimeanza kipindi kimoja, zinaendelea wiki kwa wiki. Ukiacha kusema hivo kila aliyechoka ataondoka anaamini ana thairoidi, na hapo umemtia hofu bure.

Kwa wazee uwe makini zaidi kwa sababu dalili zinajificha. Tezi iliyozidisha kwa mzee inaweza kuonekana kama kukonda, kukosa hamu ya kula na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, bila ile hekaheka ya vijana. Iliyolegea inaonekana kama usahaulifu na unyonge, watu wanasema ni uzee, basi anaachwa hivo. Kwa mtoto wa shule dalili kubwa ni kuacha kurefuka, wenzake wanampita na maendeleo darasani yanashuka.

Hatua ya 4: Zoezi la kioo na glasi ya maji

Hili watu wanalipenda na wanaenda kulifanya nyumbani, ila lifanye sawasawa. Mtu ashike kioo kinachoonyesha shingo, sehemu ya chini kuanzia kwenye kikoromeo mpaka juu ya mitulinga. Kola ifunguliwe, cheni itolewe. Ainamishe kichwa nyuma kidogo, achukue funda la maji, alimeze huku kichwa kikiwa bado nyuma na macho kwenye kioo. Anatafuta uvimbe au kitu kinachopanda na kushuka wakati anameza, hasa kama upande mmoja haufanani na mwingine. Arudie mara mbili tatu. Wanaume wakumbushwe wasikichanganye kikoromeo na tezi, tezi iko chini yake.

Kinachopanda na kushuka pamoja na kumeza kinaelekea kuwa cha thairoidi, kwa sababu tezi imeshikana na koo la hewa. Mtu akiona kitu aende kwa daktari wiki hiyo, bila kupaniki. Ila kuna mambo ya kuharakisha: uvimbe unaokua haraka ndani ya wiki chache, ulio mgumu, sauti iliyokwaruza ghafla na hairudi, shida ya kumeza au ya kupumua hasa ukilala chali, na matezi mengine pembeni ya shingo. Na usimwache mtu aondoke akiamini kwamba shingo ikiwa safi basi yuko salama, nimeshasema juu, homoni zinavurugika bila uvimbe wowote.

Hatua ya 5: Mpe mtu jina la kipimo

Mtu akitoka kwenye elimu yako akikumbuka neno moja tu, liwe TSH. Akifika hospitali anaweza kusema: "Daktari nina dalili hizi na hizi kwa muda huu, mama yangu ana thairoidi, naomba tuangalie TSH." Sentensi hiyo moja inafanya kazi kuliko vipeperushi vingi. Waandikishe, wasome kwa sauti, hasa wale wanaoona aibu mbele ya daktari.

Maabara nyingi kiwango cha kawaida kwa mtu mzima kiko kati ya 0.4 na 4.0 hivi, kila maabara inaandika cha kwake pembeni ya jibu, na kwa mjamzito viwango ni tofauti. TSH ikitoka nje ya kiwango ndo wanaongeza T4 huru (ile T4 ambayo haijashikwa na protini kwenye damu), saa nyingine T3 na kipimo cha kingamwili. Ikipanda kidogo tu na T4 iko sawa, daktari mara nyingi anarudia baada ya miezi 2 au 3 kabla ya kuamua, kwa sababu kwa wengine inarudi yenyewe. Hapa watu wanalalamika "hospitali wamenifukuza bila dawa", waeleze mapema kwamba kurudia kipimo ndo matibabu sahihi kwa hali hiyo.

Kitu kidogo kinachoharibu majibu: biotini, ile vitamini iliyoko kwenye vidonge vingi vya nywele na kucha. Kwenye baadhi ya mashine inapotosha kabisa, mtu mzima anaonekana mgonjwa au kinyume chake. Asimamishe angalau siku 2 kabla ya kupima na amwambie daktari anazitumia. Na ona ilivyo, mwenye nywele zinazotoka ndo huyo huyo anayemeza vidonge vya nywele.

Hatua ya 6: Chumvi, na hapa usizidishe chumvi

Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Ni kidogo sana, lakini mwili hauitengenezi. Uswisi walianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922 na jimbo la Michigan kule Marekani likafuata mwaka 1924, sehemu ambazo goita ilikuwa kitu cha kawaida kabisa, na goita kwa watoto ikashuka. Ni moja ya mambo yaliyofanikiwa sana kwenye afya ya umma na halina makelele.

Ujumbe wa chumvi una vipande vitatu. Soma pakiti kama imeandikwa ina madini joto, maana chumvi za mapambo za rangi rangi mara nyingi hazina. Itunze kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na unyevu na jua, na itie chakula kikikaribia kuiva, kwa sababu madini yanapotea. Alafu usiongeze kiasi, kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku na kinabaki hivo hivo, huwezi kutibu tezi kwa kujitengenezea presha.

Na iodini ikizidi nayo inavuruga tezi, kulegea au kuzidisha. Mwenye Hashimoto anayemeza vidonge vya mwani au matone ya iodini aliyoshauriwa mtandaoni anaweza kujiongezea tatizo. Hili liseme wazi, wauzaji wa hivo vitu wanapenda sana kujipenyeza kwenye elimu za thairoidi, usiwape maiki.

Hatua ya 7: Wasaidie walio kwenye dawa wabaki kwenye dawa

Kampeni nyingi zinaishia kwenye kipimo, na mimi naona huko ndo zinakosea, maana mgonjwa anagundulika vizuri alafu miezi sita baadaye ameacha kwa sababu "nilijisikia nimepona".

Levothairoksini, dawa ya tezi iliyolegea, ni ile ile T4 ambayo tezi ilitakiwa itengeneze. Inamezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji tu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa na kabla ya kahawa. Vidonge vya damu vya ayani, kalsiamu na dawa za kiungulia vinaizuia isifyonzwe, viachane nayo masaa 4. Anayeona asubuhi inamshinda aulize kuhusu kumeza usiku, masaa 3 au zaidi baada ya kula. Ukweli ni kwamba kumeza kwa namna ile ile kila siku ndo muhimu kuliko mambo mengine yote, kwa sababu dozi inapangwa kufuatana na jinsi unavyoimeza. Dawa ikae mbali na joto, mwanga na unyevu, sio juu ya friji wala dirishani.

T4 inakaa mwilini muda mrefu, ikipita wiki moja hivi nusu ndo imeondoka. Hii inaeleza mambo mawili ambayo wagonjwa wanauliza: kwa nini ukisahau siku moja hauanguki, na kwa nini daktari anakurudisha baada ya wiki 6 hadi 8 badala ya kesho kutwa. Inaeleza pia kwa nini mtu akiacha anajisikia mzima kwa muda, anajipongeza, alafu inamrudia polepole asijue imetoka wapi.

Walio kwenye dawa za kupunguza homoni kama kabimazoli wana onyo moja ambalo lazima liwe kwenye kila karatasi utakayotoa: ukipata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, simamisha dawa na nenda siku hiyo hiyo ukapimwe chembe nyeupe za damu. Ni mara chache inatokea lakini inaua. Vile vile mgonjwa wa tezi iliyozidisha akipata homa kali, moyo unakimbia sana, anatapika na kuchanganyikiwa, huyo ni wa emergensi. Na upande wa tezi iliyolegea, mgonjwa ambaye amekuwa baridi, usingizi mzito hata kumwamsha shida, anapumua polepole, naye ni emergensi. Wenye Graves wanaovuta sigara waambiwe waache, sigara inazidisha ugonjwa wa macho.

Hatua ya 8: Jiandae na maswali

"Dawa ya maisha si itaharibu figo?" Hapana, ikiwa dozi ni sahihi unarudishiwa kilichopungua tu, madhara yanakuja dozi ikizidi, moyo na mifupa, ndo sababu ya kupima mara kwa mara.

"Naweza kuimeza nipungue mwili?" Hili litaulizwa kwa sauti ndogo pembeni. Jibu bila kumkaripia: mwenye tezi nzima akimeza homoni ya ziada anauchezea moyo wake, na anachopoteza ni pamoja na misuli na mifupa.

"Niache kabichi?" Kwa kiasi cha kawaida, tena ikiwa imepikwa, na iodini ya kutosha, hakuna haja. Watu wenye thairoidi wamenyimwa vyakula vingi sana bila sababu.

"Nina kinundu, ni kansa?" Vinundu ni vya kawaida mno na zaidi ya asilimia 90 sio kansa. Daktari ataangalia TSH, atapiga ultrasaundi, na kama kinaonekana cha wasiwasi atachukua sampuli kwa sindano nyembamba. Hata ikiwa kansa, ile aina inayotokea zaidi inatibika vizuri kwa wagonjwa wengi.

Hatua ya 9: Usigeuze elimu kuwa msako

Utashawishika kuleta mashine ya ultrasaundi na kupiga shingo za watu wote, inaonekana kama huduma nzuri. Soma yaliyotokea Korea Kusini. Walipoanza kupima shingo za watu wasio na dalili kwa wingi, kufikia mwaka 2011 kansa za thairoidi zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za mwaka 1993, na vifo havikubadilika. Yaani walikuwa wanaokota vikansa vidogo ambavyo vingekaa kimya maisha yote, na watu wengi wakakatwa tezi, wakabaki na dawa za maisha, wengine na sauti zilizoharibika au kalsiamu iliyovurugika. Jopo la wataalamu la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa magonjwa lilisema mwaka 2017 kwamba watu wasio na dalili wasichunguzwe kansa ya thairoidi. Kwa hiyo ultrasaundi ni kwa mwenye uvimbe au sababu, TSH ni kwa mwenye dalili au aliye kwenye makundi ya hatua ya 2. Weka hivo hata mfadhili akitaka picha za foleni.

Hatua ya 10: Siku yenyewe na baada yake

Siku ya Thairoidi Duniani ni 25 Mei, imeadhimishwa tangu 2008, na ni rahisi kupata watu wa kukusikiliza wiki hiyo. Lakini ongea kwanza na kliniki au maabara iliyo karibu kabla ya kutangaza chochote, ujue TSH inapimwa, majibu yanachukua muda gani, nani atayasoma. Kuamsha watu alafu wakafika wakakuta kipimo hakipo ni kuwavunja moyo, hawatarudi.

Maongezi yasizidi nusu saa: maswali ya dalili, zoezi la kioo, bosi na mfanyakazi, sentensi ya kumwambia daktari, basi. Muda uliobaki waachie waulize. Mlete mgonjwa aliyetulia kwenye dawa aongee dakika chache, kwa ridhaa yake na bila kumbana aseme anachotaka kuficha. Mtandaoni fanya posti moja kwa jambo moja, yaani leo mjamzito, kesho jinsi ya kumeza dawa, keshokutwa chumvi, na kila posti isomwe na daktari kabla hujaituma maana ikishasheawa huwezi kuirudisha. Picha za goita kubwa za kutisha ziache, zinamfanya mwenye dalili ndogo aseme "mimi sijafika huko".

Alafu rudi kwa watu hao hao baada ya miezi 2. Waliohudhuria ni idadi ya viti tu, wewe uliza wangapi walipima, wangapi walipata majibu mkononi, walioanza dawa wanaimezaje na wamerudia kipimo lini, na ambao hawakupima nini kiliwazuia, hapo ndo utajua cha kurekebisha. Utakutana pia na aliyepima TSH ikatoka sawa na bado amechoka, na usimwambie basi huna kitu. Huyo mrudishe kwa daktari aangaliwe upungufu wa damu, sukari, usingizi wake, dawa nyingine anazotumia na kama ana sonona, kwa sababu alikuja kwako akiwa anaumwa na bado anaumwa.